Kuchagua kuku wa kuanza nao nyumbani: kwanza angalia debe lako la chakula

"Kuku gani wazuri kwa mtu anayeanza?" Haipiti wiki bila kuulizwa swali hili. Anauliza jirani, anauliza aliyekuja kununua trei ya mayai, anauliza mwalimu aliyebakiza mwaka mmoja astaafu. Wengi wanakuja na picha kwenye simu: jogoo mkubwa, mwekundu, kifua kimejaa. Wanataka niwaambie anaitwaje na anapatikana wapi.

Mimi nami huwauliza: pale kwako kuku watakula nini, na mchana nani atakuwapo nyumbani? Ukiyajibu hayo mawili kwa ukweli, kazi ya kuchagua inabaki ndogo. Kuku mzuri kuliko wote hayupo. Yupo anayelingana na chakula ulichonacho, na yupo atakayekula akiba yako mpaka umchukie. Nafuga Morogoro, kwa hiyo mengi hapa ni ya Tanzania, lakini aliye Mombasa, Kisumu au Jinja atakuta majina ya kuku ni karibu yale yale.

Uwe na hivi kabla hujanunua hata kifaranga mmoja

- Banda lililokwisha kujengwa. Kila mita moja ya mraba inatosha kuku wakubwa 4 hadi 5, kwa hiyo banda la mita 1.5 kwa 2 linawachukua kuku 12 bila kubanana. Liwe na waya upande wa juu hewa ipite, mlango wenye komeo, na fito za kulalia.
- Maranda au pumba za mpunga za kutandika chini, kina cha vidole vinne.
- Vyombo vya chakula na vya maji. Sufuria la wazi halifai, wataliingia na kulinyea.
- Namba ya simu ya afisa mifugo wa kata yako, na uhakika wa wapi chanjo ya kideri (ugonjwa wa Newcastle, wengine huuita mdondo) inapatikana.
- Daftari. Ukurasa wa kwanza andika bei tatu za leo za sokoni kwako: mfuko wa kilo 50 wa chakula cha kuku wanaotaga, trei moja ya mayai, na jogoo mmoja wa kienyeji. Bei hizo utazihitaji hatua ya pili.

Hatua ya 1: Amua unataka nini, na kiwe kimoja

Mayai ya kuuza kila siku, au kuku wa kuchinja na kuuza sikukuu, au kuku wa kuzaliana wenyewe ili uache kununua vifaranga. Chagua kimoja kiwe cha kwanza. Ukisema "vyote", utanunua kuku wa nusu nusu na hutajua kama unapata au unapoteza.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya chakula

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo twende polepole.

Kuku wa mayai wa kisasa anakula kama gramu 120 kwa siku. Kuku 10 ni kilo 1.2. Mfuko wa kilo 50 utakwisha baada ya siku 41. Ndani ya siku hizo, kuku 10 walio kwenye kilele cha kutaga wakikupa mayai 8 kwa siku, utakuwa na mayai 328, yaani trei 10 na mayai 28. Sasa fungua daftari: zidisha bei ya trei mara 11, kisha toa bei ya mfuko. Kinachobaki ndicho cha kulipia chanjo, maranda, kuku atakayekufa, na wewe mwenyewe.

Lakini usisahau miezi ya mwanzo. Kifaranga wa kuku wa mayai anaanza kutaga akiwa na wiki 18 hadi 20, na mpaka hapo amekula kama kilo 7. Kuku 10 ni kilo 70 za chakula bila yai hata moja. Fedha hiyo iwe mkononi siku unaponunua vifaranga, usiitegemee "ipatikane mbele ya safari".

Kuku wa kienyeji anayezurura hesabu yake ni nyingine. Ukimpa konzi ya mahindi yaliyoparazwa au pumba asubuhi na jioni, na mabaki ya jikoni, mengine anajitafutia: mchwa, majani, mbegu. Anakula kidogo cha mfukoni kwako, na anataga kidogo pia, mayai 40 hadi 60 kwa mwaka, kwa mizunguko ya mayai 10 hadi 15 kila mzunguko.

Kama chakula chako ni mabaki na pumba tu, usinunue kuku wa mayai wa kisasa. Ukimpunguzia chakula leo, ndani ya siku chache mayai yanashuka, na kuyarudisha ni kazi.

Hatua ya 3: Wajue kuku wenyewe

*Kienyeji.* Usidhani ni kuku wa aina moja. Wapo wadogo wepesi ambao tetea hafiki kilo moja na nusu, wanaruka mpaka juu ya mwembe, wanaatamia na kulea bila kufundishwa. Yupo kuchi, mrefu, shingo ndefu, mguu mnene, jogoo wake anaweza kupita kilo 3. Watu wa Zanzibar, Tanga na Kanda ya Ziwa wanamjua vizuri. Kuchi ana nyama na bei nzuri, lakini anachelewa kukomaa, tetea wake anataga mayai machache, na majogoo wawili hawakai banda moja. Watapigana mpaka mmoja atoke damu. Halafu yupo kishingo, shingo tupu. Watu humcheka kwa sura yake, mimi nampenda. Ana manyoya machache kuliko kuku wengine, kwa hiyo joto linamtoka haraka, na kwa mtu wa Dar es Salaam, Lindi au Mombasa hilo si jambo dogo.

*Chotara.* Siku hizi neno hili linafunika wengi. Kuroiler walitokea India, Sasso walitokea Ufaransa. Wote wawili waligawiwa kwa wafugaji wa vijijini Tanzania katika mradi wa ACGG wa kuboresha kuku Afrika, ulioongozwa na ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, na walionyesha kukua haraka kuliko wa kienyeji. Wakilishwa vizuri, madume hufika kilo 2 wakiwa na miezi 3 hivi, na majike yanataga zaidi ya mara mbili ya kienyeji. Wanatafuta chakula nje, ila wana mwili mkubwa na mwili huo unadai. Mtu anayekuambia Kuroiler "hawahitaji chakula" anataka kukuuzia vifaranga. Kenya utawakuta pia Kenbro, na kienyeji walioboreshwa wa KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya, kutoka Naivasha.

*Malawi.* Jina lake hasa ni Black Australorp, mweusi mwenye kung'aa kijani juani. Asili yake ni Australia, ila tunamwita Malawi kwa sababu huko ndiko alikosambazwa sana vijijini kwa miaka mingi. Faida yake kubwa kwa anayetaka kuzalisha ni kwamba ni kizazi halisi: ukimpandisha Malawi kwa Malawi, unapata Malawi. Tatizo ni kwamba wengi wanaouzwa kwa jina hilo sasa wamekwisha kuchanganyika, kwa hiyo omba kuwaona wazazi.

*Kuku wa mayai wa kisasa.* Isa Brown, Hy-Line Brown, Lohmann Brown. Mayai 300 hivi kwa mwaka wa kwanza wa kutaga, wakipata chakula kamili na mwanga. Hawaatamii. Wanafaa sana uani mjini, wamefungiwa, na mteja wa mayai yuko dirishani.

*Broila.* Simshauri mtu anayetaka kundi la nyumbani. Broila ni biashara ya wiki 5 hadi 6, anaingia na kutoka. Ukimweka miezi minne kwa kumwonea huruma, miguu inashindwa kubeba mwili.

Hatua ya 4: Angalia anga na maadui wa kwako

Joto la pwani linawatesa kuku wazito. Saa nane mchana utawaona wamekaa, mdomo wazi, mbawa zimelegea. Kama huna kivuli cha miti, chukua wepesi au kishingo. Njombe, Lushoto au Kitulo, kuku mwenye manyoya mengi hana shida, shida ni vifaranga na baridi ya usiku.

Mwewe wakiwa wengi, epuka kundi jeupe tupu. Mweupe anaonekana kutoka mbali, na Kuroiler mzito hakimbii kama kienyeji. Rangi ina maana sokoni pia: mnunuzi wa kuku wa kienyeji akimwona mweupe anadhani ni broila aliyezeeka, na atakushusha bei. Wekundu na wa madoadoa huondoka mapema, hasa wiki ya Idi na ya Krismasi.

Hatua ya 5: Jiulize nani ataatamia

Swali hili halimjii anayeanza mpaka mwezi wa nane wa kufuga, anapokuwa na majike kumi ya chotara, mayai tele, na hakuna hata mmoja anayekalia. Kuatamia kumepunguzwa kwa kuku wanaotengenezwa wakue haraka na kutaga sana. Kama huna mashine ya kutotolesha, weka matetea 2 au 3 wa kienyeji katikati yao. Tetea mmoja anafunika mayai 10 hadi 12, na siku ya 21 vifaranga wanatoka.

Jua pia kwamba Kuroiler na Sasso ni mchanganyiko wa damu kadhaa. Watoto wao hawatafanana nao: mmoja mkubwa, mmoja mdogo, mmoja anataga, mwingine anapoteza siku. Kuwala na kuwauza ni sawa. Kuwategemea kama mbegu ya kundi lako la kesho, hapana.

Njia ninayoipenda mimi ni hii: matetea 8 wa kienyeji waliochaguliwa kwa makini, na jogoo mmoja wa Malawi halisi au kuchi mpole. Watoto wanakuwa wakubwa kuliko mama zao, na mama anabaki mwatamiaji na mlezi. Hukui haraka kwa njia hii, lakini hufilisiki.

Hatua ya 6: Panga idadi

Anza na 10 au 12. Jogoo mmoja kwa matetea 8 hadi 10. Kama unataka mayai ya kula na kuuza tu, jogoo humhitaji kabisa. Tetea anataga bila jogoo, na utaokoa chakula cha mdomo mmoja na kelele za majirani saa kumi alfajiri.

Hatua ya 7: Nenda ukawachague kwa mkono

Miaka ya mwanzo nilikuwa nachagua kwa macho. Siku moja mnadani nilisimama mbele ya bibi mmoja aliyekuwa na matenga mawili ya kuku. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu. Unatafuta wa kuchinja au wa kufuga?" Nikasema wa kufuga, nikamwonyesha tetea mnene aliyekuwa mbele. Akatikisa kichwa, akamtoa mwingine mwembamba kidogo nyuma, akanishika vidole akaviweka chini ya mkia wa kuku. "Mtu hamtazami kuku, mwanangu. Anamshika."

Alichonionyesha ndicho ninachokifanya mpaka leo. Mbebe tetea kwa mkono wa kushoto, kichwa chake kikielekea nyuma yako. Kwa mkono wa kulia tafuta ile mifupa miwili myembamba iliyo pande mbili za njia ya kutagia. Vidole viwili au vitatu vikiingia katikati yake, na njia yenyewe ikiwa pana na yenye unyevu, huyo anataga. Kikiingia kidole kimoja tu na pamekauka, hatagi kwa sasa: ama ni tembe bado (hajaanza kutaga), ama amepumzika, ama ameisha. Kisha pima kutoka mifupa hiyo mpaka ncha ya mfupa wa kidari, vidole vitatu au vinne ni dalili njema. Upanga wa kichwani uwe mwekundu na wa moto ukiugusa.

Endelea kukagua:

- Kidari. Mfupa ukikata kama kisu, kuku ameugua au ana minyoo.
- Macho na pua. Povu kwenye jicho au pua yenye ute, mrudishe kwenye tenga na unawe mikono.
- Magamba ya miguu yalale. Yakinyanyuka na kuwa na ukoko mweupe, ana utitiri wa miguu.
- Chini ya mbawa na kuzunguka njia ya kutagia, tafuta chawa.
- Gole, ule mfuko wa chakula chini ya shingo. Wapo wanaowashindilia pumba na maji alfajiri ya mnada ili waonekane wazito.
- Kwa jogoo, tazama kipi, ule mwiba wa mguuni. Kikiwa kirefu na kimepinda, ana umri.

Kwa vifaranga, kagua kitovu kiwe kimefunga na kikavu, miguu ing'ae, na ukimlaza chali ainuke mara moja.

Hapa nina onyo lililonigharimu. Niliwahi kununua vifaranga 50 "wa chotara" kwa mtu aliyekuwa na maboksi karibu na stendi. Wote walikuwa wa njano hafifu. Wiki ya kumi ndipo nilipoelewa: walikuwa madume ya kuku wa mayai, wale ambao watotoleshaji huwatenga. Kwa kuku wa mayai wa kahawia kama niliowataja juu, kifaranga jike huwa wa kahawia na dume huwa mweupe au wa njano, ndiyo maana wanatengwa kwa urahisi hivyo. Walikula kama watu, wakabaki wembamba, na simu ya muuzaji haikupokelewa tena. Nunua kwa mtu mwenye eneo, anayekupa risiti yenye jina la kuku, tarehe ya kutotolewa na chanjo walizopewa.

Na kama hujawahi kulea vifaranga, lipa zaidi kidogo uchukue waliofikisha mwezi mmoja na wamechanjwa. Kifaranga wa siku moja anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, ukipunguza kama nyuzi 3 kila wiki, usiku na mchana. Umeme ukikatika usiku wa manane ni wewe na jiko la mkaa, na jiko la mkaa kwenye chumba kisicho na hewa linaua vifaranga na linaua watu.

Hatua ya 8: Wiki mbili za kwanza

Wageni wakae peke yao siku 14, hata kama muuzaji ni ndugu yako. Wahudumie wa zamani kwanza, wageni mwisho. Wape chanjo ya kideri. Ile ya I-2 ni tone moja jichoni, inastahimili joto kuliko nyingine, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Andika tarehe daftarini na nyingine ukutani mwa banda. Kienyeji wanahitaji chanjo sawasawa na wengine. Ule msemo wa "kienyeji hawaugui" umemaliza mabanda mengi, hasa kiangazi. Vifaranga wanahitaji na chanjo za Gumboro na ndui, muulize afisa mifugo ratiba.

Ukikwama

*Wamefika miezi sita na hawatagi.* Wa kienyeji bado, wengi huanza mwezi wa sita au wa saba. Chotara na wa mayai, angalia chakula: bila dagaa au mashudu, pumba peke yake haileti yai. Angalia na vichaka, huenda wanataga nje.

*Mayai yana ganda laini.* Chokaa imepungua. Saga maganda ya mayai yaliyokaushwa au ya konokono, weka kwenye chombo chake pembeni, wachukue wenyewe.

*Wanadonoana mpaka damu.* Wamebanana, au mwanga ni mkali, au protini haitoshi. Mtoe aliyeumia leo hii, damu inawaita wengine. Kisha waning'inizie mchicha au matembele wawe na kazi.

*Tetea anaatamia bila mwisho na hana mayai.* Mweke siku tatu au nne kwenye tenga lililoinuliwa, chini wazi upepo upite, na chakula na maji mbele yake. Tumbo likipoa ataacha.

*Vifaranga wa kienyeji wanaisha kwa mwewe.* Wafungie na mama yao mpaka mwezi mmoja na nusu. Au watenge na mama wakiwa na wiki nne, uwafungie mahali penye joto, na mama atarudi kutaga mapema.

*Kuku amepinda shingo, anazunguka, anaharisha kijani, na wengine wanafuata.* Hicho ni kideri mpaka ithibitishwe vinginevyo, na hakina dawa. Usiuze, usichinje na kugawa, usimpelekee shangazi. Fukia kwa kina au choma waliokufa, mpigie afisa mifugo, osha banda na ulitandikie maranda mapya, na usiingize kuku wengine mpaka akuambie.